Risasi Imepigwa Mbele Yangu, Sasa Nafundishwa la Kuandika

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni konstebo wa kike, bado mchanga kazini, na niko katika kaunti moja ya Pwani ambayo naomba usiitaje. Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mtu hapa kituoni ninayeweza kumuuliza swali hili bila habari kufika ofisi ya OCS, mkuu wa kituo, kabla sijamaliza kulisema.

Juzi usiku tulikuwa doria watatu: mimi, konstebo mwenzangu, na koplo mmoja ambaye ndiye aliyenipokea nilipotoka chuo cha polisi cha Kiganjo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, kuanzia kujaza OB, daftari la matukio la kituo, hadi namna ya kumsemesha mlevi mpaka akubali mwenyewe kwenda kwake. Tulipopita nyuma ya soko, kijana mmoja alitoka mbio. Koplo akamfuata, nami nikafuata nyuma. Mwenzetu alibaki garini. Nilimsikia koplo akipaza sauti, lakini maneno sikuyashika. Halafu risasi ikalia, na nyingine. Nilipowafikia, kijana alikuwa chini. Tulimkimbiza hospitali, hakufika akiwa hai.

Asubuhi ndipo niliposikia habari ya kisu. Mimi sikukiona. Sisemi hakikuwapo. Kulikuwa na giza, koplo alikuwa kati yetu, na mikono ya yule kijana sikuiona kabisa.

Tukaitwa ofisini wote watatu pamoja. Sajenti mmoja wa makamo, ambaye kila mtu hapa humtegemea kwa mambo ya kesi, aliketi nasi. Hakututisha, Shangazi. Aliagiza chai. Akasema watu wa IPOA, mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi, watakuja, na askari asiyeandaliwa hujifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Akatuelekeza tuseme kijana alitugeukia akiwa ameinua kisu, tuseme onyo lilitolewa mara mbili, na neno "alikimbia" tusiliandike popote. Kisha akaniandikia taarifa yangu kwenye karatasi, akaniambia niinakili kwa mwandiko wangu na kuileta Jumatatu ikiwa na saini. Mwenzangu aliyebaki garini naye ameandikiwa yake, na inasema alikiona kisu.

Nilipoonekana kusita, sajenti akasema hivi ndivyo wanavyofanya polisi wa dunia nzima, na kwamba hata Ulaya na Marekani askari aliyefyatua risasi haongei na mchunguzi kabla wakili hajamwelekeza la kusema. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini nashindwa kulala?

Koplo huyu nilipofiwa na baba ndiye aliyenikopesha nauli ya kwenda nyumbani. Ana watoto wadogo. Naogopa nikiandika kwamba sikuona kisu, itasomwa kwamba kisu hakikuwapo, na atafungwa kwa maneno yangu. Tena usiku ule nilikuwa natetemeka, mambo mengine hayanijii kwa mpangilio. Huenda wao ndio wanaokumbuka vizuri na mimi nafundishwa ukweli tu?

Mama wa yule kijana anakuja kaunta kila asubuhi kuuliza. Anaambiwa arudi kesho.

Askari Mchanga, Pwani

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kumwona mtu akifa mbele yako si jambo dogo, hata kwa aliyevaa sare.

Nianze na la haraka. Usiinakili karatasi hiyo. Leo, kabla hujazungumza tena na yeyote kuhusu usiku ule, kaa peke yako uandike kwa mkono wako yale uliyoyaona, uliyoyasikia na uliyoyafanya, tangu gari liliposimama mpaka mlipotoka hospitali. Weka tarehe na saa ya kuandika. Eleza ulikuwa wapi na mwanga ulitoka wapi. Koplo alikuwa kati yako na kijana, andika hivyo. Sauti uliisikia ila maneno hukuyashika, andika hivyo hivyo. Pasipo na kumbukumbu usipajaze. Sema hapo hukumbuki. Na kwa kuwa tayari umeketi na sajenti, eleza pia kwamba habari ya kisu uliipata ofisini asubuhi, siyo usiku kwenye kichochoro. Karatasi aliyokupa usiichane wala usiirudishe. Ihifadhi mahali ambapo si kambini.

Kabla ya safu hii nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, na taarifa za askari zimepita mikononi mwangu kwa marobota. Faili moja sijaisahau. Askari watatu walikuwa mashahidi katika kesi ya wizi wa mabavu, na taarifa zao zilikuwa na aya zilezile kwa mpangilio uleule. Jina la mtaa lilikuwa limekosewa herufi ileile katika zote tatu. Wakili wa mshtakiwa hakuwauliza mengi. Kila mmoja alipopanda kizimbani, alimpa kalamu na kumwomba aandike jina la mtaa ule. Wote watatu waliliandika sawasawa. Baada ya hapo hakimu hakuamini hata yale ambayo mimi, kwa kusoma ushahidi mwingine, naamini yalikuwa ya kweli. Mshtakiwa akaenda nyumbani, na mama aliyeibiwa akabaki anatuuliza sisi makarani imekuwaje.

Sasa tuje kwenye hofu yako kubwa. "Sikukiona kisu" na "kisu hakikuwapo" ni taarifa mbili tofauti, na mchunguzi anayejua kazi yake hawezi kuzichanganya ukimweleza ulisimama wapi. Kuwapo kwa kisu hakuthibitishwi na macho yako wewe uliyekuwa nyuma gizani. Kunathibitishwa na kisu chenyewe: nani alikiokota, saa ngapi, kilikuwa upande gani wa mwili, kilitiwa kwenye mfuko gani, kina alama za vidole vya nani, na kiliandikwa lini kwenye OB. Kuna maganda ya risasi, kuna rejista ya silaha inayoonyesha koplo alitoka na risasi ngapi na kurudi na ngapi, na kuna mwili wa marehemu utakaoonyesha risasi ziliingilia mbele au nyuma. Kama koplo anasema kweli, hivyo vyote vitamtetea, na ushahidi wako usio na chumvi utampa nguvu, kwa maana ataonekana mtu ambaye wenzake hawakuhitaji kumtungia lolote. Lakini mwenzenu aliyekuwa garini akishaandika kwamba alikiona, mchunguzi atapima umbali na kona za kichochoro kile, na hapo ndipo koplo atakapoanza kuzama, hata kama kisu kilikuwapo.

Kuna kesi ya Chicago ambayo ningependa sajenti wako aijue. Tarehe 20 Oktoba 2014, polisi alimpiga risasi 16 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald. Kijana yule alikuwa na kisu kweli, hakuna anayebisha. Ripoti za maafisa waliokuwapo zilimweleza kuwa aliwaendea polisi kwa kuwatishia. Video ya kamera ya gari la polisi, iliyotolewa hadharani Novemba 2015, zaidi ya mwaka mzima baadaye, ilimwonyesha akitembea kwa kuwaepuka. Uongo haukuwa juu ya kisu, ulikuwa juu ya alichokuwa akifanya mwenye kisu. Ndiyo maana nilishtuka kusoma kwamba mmekatazwa kuandika alikimbia. Aliyefyatua, Jason Van Dyke, alitiwa hatiani mwaka 2018. Maafisa watatu walioshtakiwa kwa kula njama ya kumfichia waliachiliwa na mahakama Januari 2019, hilo nalisema ili nisikupe hadithi nusu. Ila mwaka huohuo bodi ya polisi ya jiji iliwafuta kazi maafisa wengine wanne kwa sababu ya taarifa walizoziandika au kuziidhinisha. Hao wanne hawakupiga risasi hata moja. Watatu kati yao walikuwa mashahidi kama wewe.

Je, ni kweli kwamba dunia nzima hufanya hivi? Sajenti ameshika kipande. Huko Marekani, mikataba ya vyama vya polisi katika miji kadhaa imekuwa ikimpa askari muda, na wakili, kabla ya kuhojiwa, na ubishi juu ya jambo hilo haujaisha. Lakini Kanada suala hilihili lilifika mahakama ya juu kabisa. Mwezi wa Juni 2009, katika jimbo la Ontario, polisi waliwaua kwa risasi watu wawili katika matukio mawili tofauti. Wakubwa wao waliwaambia maafisa wasiandike chochote kwenye madaftari yao kabla ya kuongea na wakili. Katika tukio moja kati ya hayo, maandishi ya kwanza yalikwenda kwa wakili, na yale ya daftari rasmi yakaandikwa baada ya wakili kuyapitia ya kwanza. Mkuu wa kitengo huru cha uchunguzi alisema hawezi kuyategemea madaftari yaliyoandikwa hivyo, kwa hiyo hakuweza kujua kwa uhakika kilichotokea. Tazama hasara hiyo ilivyogawanywa, mwanangu. Familia haikupata jibu, na askari naye hakupata kusafishwa jina kwa namna ambayo watu wangeiamini. Desemba 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba afisa hana haki ya kushauriana na wakili kabla ya kumaliza kuandika daftari lake. Akishaandika, amtafute wakili amtakaye.

Uingereza nao walijifunza kwa damu. Tarehe 22 Julai 2005 polisi walimuua Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazil asiye na hatia, ndani ya treni katika stesheni ya Stockwell, London. Maafisa waliketi pamoja kuandika maelezo yao. Walidai onyo la polisi lilipigwa kwa sauti na kwamba marehemu aliwasogelea. Baraza la wazee wa mahakama lililochunguza kifo chake mwaka 2008 lilisikiliza pia abiria waliokuwa kwenye behewa, na likayakataa madai yote mawili. Siku hizi mwongozo wao ni kwamba maafisa wasijadiliane kuhusu tukio kabla ya kila mmoja kutoa maelezo yake. Kwa hiyo ukiambiwa dunia nzima, uliza dunia ipi, na ya mwaka gani.

Umeuliza kama huenda wao wanakumbuka na wewe unafundishwa ukweli. Hili limenigusa kuliko yote, kwa sababu ni swali la mtu mwaminifu. Mwili ukiingiwa na hofu, macho hubana, masikio hufunga, dakika hurefuka au hupotea. Kutokumbuka mpangilio ni jambo la kawaida kwa mtu aliyekuwa mahali kama pale. Kinachotisha ni kinachofuata: pengo lile likijazwa na maneno ya mtu mwingine, baada ya majuma machache akili yako itayachukua kuwa yako. Utaapa mahakamani bila kujua kwamba unaapa juu ya hadithi ya sajenti. Utakiona kisu. Utakumbuka hata kiling'aa. Ndiyo maana nimekuambia uandike leo, na ndiyo maana watu watatu waliohusika katika tukio moja hawapaswi kuketishwa chumba kimoja kabla kila mmoja hajaandika la kwake. Hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya, kikao chenyewe kimekwisha kuharibu kitu.

Usinielewe vibaya, siwapingi askari. Koplo ana haki zake, na napenda azipate zote. Vifungu vya 49 na 50 vya Katiba ya 2010 vinamhusu kama Mkenya yeyote: akikamatwa anaweza kunyamaza, aongee na wakili, na asilazimishwe kujitia hatiani. Wakili amweleze haki hizo kinagaubaga. Wala sioni ubaya mtu aliyetoka kwenye risasi akatoa maelezo mafupi ya mwanzo, akapumzishwa, akaonana na mshauri nasaha, ndipo akahojiwa kwa kirefu. Mafunzo ya kuandika taarifa nzuri nayo yafanyike, tena yaongezwe, darasani, kwa matukio ambayo hayajatokea. Lakini risasi ikishalia, mtu wa nje anaweza kumweleza askari haki zake, hawezi kumweleza alichokiona. Kumbukumbu ya tukio si mali ya kituo. Na wewe hukufyatua. Wewe ni shahidi, na haki ya koplo ya kunyamaza haimpi mtu ruhusa ya kuandika ndani ya kichwa chako.

Sheria yetu imeshika njia hiyohiyo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 linataka kila matumizi ya bunduki yaripotiwe kwa mkubwa mara moja, na yakisababisha kifo, mkubwa huyo aripoti kwa IPOA, nao wachunguze. Linataka mahali pa tukio palindwe. Linataka ndugu wa marehemu wajulishwe mapema iwezekanavyo. Kuchezea ushahidi ni kosa la kinidhamu, na ukiacha nidhamu, Kanuni ya Adhabu inayo makosa ya kutunga ushahidi na ya kula njama kupotosha haki. Karatasi ile ikishapata saini yako, haitakuwa tena ya sajenti.

Wala usidhani haya ya kuandaliwa maneno hudumu. Juni 2025 Albert Ojwang alipofariki katika kituo cha Central jijini Nairobi, taarifa ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Siku chache hazikupita, mwanapatholojia akaeleza majeraha ya kichwa, kukabwa shingo, na dalili za kushambuliwa. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti kuomba radhi kwa taarifa ile. Mkubwa wa mwisho kabisa katika kazi yenu alilazimika kuyarudisha maneno aliyopewa na walio chini yake.

Kuhusu usalama wako sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi, na chanzo chake kilikuwa risasi ambayo mteja huyo alipigwa na askari, naye mteja akaishtaki kwa IPOA. Askari watatu na mpashaji habari wao walihukumiwa Februari 2023, askari aliyeanza yote akapewa kifo. Kwa hiyo usitangaze kambini unachokusudia, na usifanye jambo hili peke yako. Tafuta wakili ambaye halipwi na kituo wala hakuletwa na wenzako. Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa, nao hutoa msaada kwa wasio na uwezo. Mwachie nakala ya ulichoandika na picha ya karatasi ya sajenti. IPOA nao wana ofisi Mombasa, na unaweza kuwaomba wakuhoji nje ya kituo. Ukianza kuona vitisho, mwambie wakili akuombee kwa Shirika la Kulinda Mashahidi, lililoundwa kwa sheria ya 2006.

Jumatatu, peleka taarifa yako mwenyewe. Ukiulizwa iko wapi ile nyingine, jibu kwa adabu: "Afande, nimeandika nilichokiona." Usibishane, usihubiri. Ukiamriwa uibadilishe, omba amri hiyo iandikwe.

Koplo umwambie wewe, baada ya nakala kufika kwa wakili na siyo kabla. Msijadili kisu wala onyo. Mwambie utaandika ulipokuwa umesimama na ulichokiona kutoka hapo, hutamwongezea wala kumpunguzia, na yeye atafute wakili wake wa peke yake, kwa maana anayemwandalia maneno leo hatapanda naye kizimbani. Nauli aliyokukopesha ulipofiwa ni deni la kweli. Lilipe kwa nauli, na kwa kwenda kuwaangalia watoto wake hata kama mambo yatamwendea vibaya.

Imebaki yule mama anayeambiwa arudi kesho. Sheria iliyotaja IPOA ndiyo iliyotaja ndugu wa marehemu, kwa hiyo kumjulisha si hisani. Usimsimulie ushahidi, utauharibu. Ila unaweza kumwambia kwa utulivu kwamba kifo cha mwanawe kinachunguzwa na IPOA, umwelekeze ofisi yao ilipo ili aandikishe malalamiko yake mwenyewe, na umwambie asikubali mwili kuzikwa kabla haujapasuliwa na daktari. Familia nyingi humleta mwanapatholojia wao ashuhudie upasuaji huo, na mashirika ya haki za binadamu hapo Mombasa, kama Muhuri na Haki Africa, yanajua jinsi ya kusaidia. Mwambie kesho asubuhi, atakapokuja.